Waliofika na Nyungo kwenye Upembuzi Yakinifu

"Hiyo kazi yenyewe ni ya kufanya nini?" mama mdogo aliniuliza siku nilipompelekea kilo mbili za sukari na habari kwamba nimeajiriwa.

Nikamwambia tunaisaidia miji kuandaa miradi mikubwa isiyochafua hewa, na kuitafutia fedha.

"Mnajenga?"

"Hatujengi. Watajenga wengine."

"Hela mnazo?"

"Hatuna. Wanazo wengine."

"Sasa ninyi?"

"Tunaandaa."

Akaipokea sukari, akaipima mkononi, akaenda kuiweka kabatini. "Haya," akasema akiwa amenipa mgongo, "hata bibi harusi huandaliwa. Ila yeye ikifika siku anaolewa."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani hajaelewa. Leo naifanya kazi hiyohiyo na sijawahi kusikia mtu akiieleza vizuri kuliko yeye, hata wale wanaolipwa kuieleza. Taasisi yetu ina jina refu lenye maneno kama ustahimilivu na ubunifu, na ofisi yetu ya Sumbawanga ni vyumba vitatu vya kupanga juu ya duka la vipuri. Kwa watu wa kawaida, ukisema umeandaa, wenzako wananawa mikono wanakaa mezani. Kwetu sisi ukishaandaa unaandaa taarifa ya maandalizi, halafu wanakuja watu kuangalia kama uliandaa, na hao nao lazima waandaliwe chai.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama. Alinilea katika nyumba yake ya mtaa wa Izia yenye shamba la mahindi nyuma, na chombo alichonilelea ni ungo. Nyuma ya maghala ya wafanyabiashara wa nafaka palikuwa na kiwanja, na ukikiona ungeuliza kina faida gani: kokoto, mbigili, na choo kimoja kilichoinama. Lakini kilikuwa na upepo. Maghala mawili marefu yametazamana pale, na katikati yake upepo unaoteremka upande wa milima ya Mbizi unapita kwa nguvu, hasa miezi ya mavuno. Malori yakianza kuingia na mahindi, maharage na ulezi kutoka vijijini, kina mama walitandika maturubai pale, wakasimama, wakanyanyua nyungo juu ya vichwa na kumwaga polepole. Nafaka inaangukia miguuni, pumba zinakwenda zake. Ikishapepetwa, mtu anakaa chini kupembua. Anatikisa ungo, punje nzima upande huu, chenga upande ule, vijiwe pembeni, mpaka mwenye mzigo aridhike.

Sare zangu za shule zilitoka kwenye upepo ule. Nauli ya kwenda chuo ilitoka kwenye upepo ule. Mama mdogo alikuwa na mahali pake katikati ya kiwanja, na hakuna aliyethubutu kutandika turubai pale hata siku alizolala na malaria. Mtu mgeni akikosea, wenzake humwambia, "Hapo pana mwenyewe."

Sasa mji mzima huu, na viwanja vyake vyote vilivyoota majani, mradi ukaja ukapapenda pale pale.

Ulikuwa mradi wa kituo cha nafaka kinachotumia umeme wa jua. Mashine za kusafisha, za kukausha na za kusaga, na paa zima limejaa paneli za sola. Wazo lenyewe si baya, sitalisingizia. Mashine zetu za dizeli zinatoa moshi mweusi unaokuingia mpaka kwenye ugali, na kama wangekijenga ningekuwa wa kwanza kuwapigia vigelegele. Ila kabla ya kujenga ni lazima kuandaa, na kwa ajili ya kuandaa tukaletewa mtaalamu mshauri.

Mshauri alitoka Dar es Salaam akatufikia mwezi wa saba akiwa na shati la mikono mifupi. Mwezi wa saba, Sumbawanga! Aliposhuka kwenye basi meno yalikuwa yanagongana. Kabla ya kufika ofisini ilibidi nimpitishe kwenye mitumba akanunue koti, akachagua lenye manyoya shingoni, la kike. Muuza mitumba akanitazama, nami nikamtazama, akapokea hela yake. Alilivaa koti lile mpaka mwisho wa mambo yote.

Swali lake la kwanza kwangu, bado tuko njiani, ni lile lile la kila anayetoka huko chini. "Dada, eti ni kweli huku mnatumiana radi za kichawi?"

"Ni kweli," nikamwambia, "ila siku hizi lazima kwanza uandike andiko la mradi."

Akacheka, halafu akaacha kucheka akanitazama kidogo. Sikumsaidia.

Alikuwa na neno lake moja, "kimsingi". Kimsingi hivi, kimsingi vile. Hata akiomba chumvi alikuwa anaiomba kimsingi. Kwenye mkutano wa kwanza wa wadau alisimama akaeleza kwamba kimsingi dunia inazidi kuwa na joto, na kwamba miji kama yetu lazima ijiandae. Mzee mmoja aliyevaa makoti mawili akanyoosha mkono akauliza hilo joto litafika lini huku kwetu, maana ng'ombe wake wanateseka na baridi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mshauri akasema, "Swali zuri sana," akageuza ukurasa.

Mwisho wa mkutano ilitangazwa kwamba hatua inayofuata ni upembuzi yakinifu, na utafanyika kiwanjani Jumanne. Kazi ya kupeleka habari akapewa mjumbe mmoja mwenye kipaza sauti, na mjumbe yule neno lilimnogea. Alizunguka nalo mitaa yote jioni ile. "Kina mama wa kiwanjani mnatangaziwa! Jumanne, upembuzi! Upembuzi yakinifu! Msikose!"

Jumanne tulipofika na gari la ofisi, kina mama wote walikuwa pale. Wamevaa khanga safi, wamejipanga mstari, na kila mmoja ana ungo. Wengine wameazima nyungo mpya kwa majirani. Mama mdogo alikuwa mbele kabisa na ungo wake mkubwa, ule unaoning'inia juu ya mlango kwa shughuli za maana. Walikuwa wamesikia kuna kazi ya kupembua, kubwa kuliko za siku zote, inayotaka umakini; wamefika kuifanya. Nani angewalaumu? Neno ni lao. Wenye maofisi ndio waliolichukua wakalivalisha tai.

"Shikamooni," nikawaamkia.

"Marahaba. Nafaka iko wapi?" mama mdogo akauliza.

Mshauri alipoambiwa walichojia, alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Alicheka mbele ya watu wazima, wengine umri wa mama yake, akijifuta machozi kwa mkono wa lile koti la manyoya. "Mama zangu," akasema, "kimsingi upembuzi yakinifu siyo kupembua kwa ungo. Ni mchakato wa kuchambua kama mradi unatekelezeka."

"Mnatenga nzima na chenga," mama mdogo akasema.

"Kimsingi, ndiyo."

"Basi ndiyo kupembua. Unachekea nini?" Kisha akaongeza, "Na tumeshaacha kazi zetu. Mtatulipa?"

Hawakulipwa. Walipewa soda. Mshauri akawaomba wanyanyue nyungo juu awapige picha, na kwa kuwa wameombwa kwa adabu, wakanyanyua. Picha ikatoka nzuri sana, kwa bahati mbaya. Mama mdogo katikati, mikono juu, khanga inapeperuka, pumba za jana zinaruka nyuma yake. Ikawekwa kwenye jalada la andiko.

Mimi nilikasirika siku ile. Nimeona mengi tangu hapo, na mabaya zaidi, lakini nikikumbuka kicheko kile damu bado inachemka. Mama mdogo yeye aliuweka ungo kichwani akaenda nyumbani na soda yake bila kuifungua.

Wiki zikapita. Mshauri akawa anashinda ofisini anagonga kompyuta, anakunywa chai yetu ya maziwa na kulalamika kwamba mtandao ni wa kinyonga. Siku moja akaja mezani kwangu uso umekunjamana.

"Dada, wale kina mama wanatuharibia hesabu."

"Wamefanyaje?"

Akavuta kiti, akanieleza, na ninaeleza hapa kama alivyonieleza, sijaongeza chumvi. Wafadhili wa miradi yetu wanalipia kupungua kwa hewa ukaa, ule uchafu unaotoka kwenye dizeli na mkaa na kupasha dunia joto. Ili uchafu upungue, sharti kwanza uwepo. Sasa kina mama wanasafisha nafaka kwa upepo. Hawatoi moshi, hawachomi chochote, hawana hata jiko pale. Ukiwaondoa ukaweka mashine, hata ya sola, hakuna kilichopungua. Na paneli zenyewe zitakuja kwa meli na malori, yaani umeongeza.

"Kwa hiyo wakiwepo," akasema, "mradi haukopesheki. Hakuna benki itakayougusa."

"Na wasipokuwepo?"

"Wasipokuwepo, tunachukulia kwamba nafaka yote pale inasafishwa kwa mashine za dizeli. Hapo kimsingi inakaa vizuri."

Nilikuwa nasubiri acheke, kwa kuwa ni mtu wa kucheka.

"Kwa hiyo kosa lao ni kwamba hawachafui hewa," nikasema.

"Dada, usilichukulie hivyo."

"Nilichukulieje?"

"Ni suala la mahesabu tu."

Loh! Mahesabu tu. Kumbe mama mdogo angekuwa na akili angenunua jenereta bovu akaliwasha pale kiwanjani lifuke moshi kutwa, angeheshimiwa, angewekewa kiti cha mbele. Maskini yeye alikuwa anatumia upepo wa Mungu, akawa kikwazo kwa mazingira.

Nikapanda kwa wakubwa. Sitawachosha na mazungumzo yake. Nilijibiwa kwamba wadau walishirikishwa na picha zipo. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Wale walikuwepo, na nyungo mikononi, na lao bado halikuwepo.

Ilitakiwa wawe wameondoka kabla ujumbe wa wafadhili haujafika kukagua kiwanja. Neno lililotumika lilikuwa "kupisha kwa muda". Walitafutiwa eneo mbadala, na nitasema ukweli, lilikuwa zuri machoni. Sakafu ya sementi, bomba la maji, choo kilichopakwa rangi. Kuta pande tatu na paa la bati. Mshauri mwenyewe alinizungusha akinionyesha kana kwamba amelijenga kwa mikono yake. "Na angalia, dada," akasema, akipitisha kidole ukutani, "hata vumbi hakuna!"

Vumbi litatoka wapi pasipo na upepo?

Kina mama waliingia mle asubuhi ya kwanza, wakatandika, wakanyanyua nyungo, wakamwaga. Nafaka ikaanguka miguuni na pumba zikaanguka juu yake. Wakazoa, wakanyanyua tena, ikawa vilevile. Kuna waliojaribu kupuliza kwa mdomo. Kuna mmoja alileta kipande cha boksi akawa anampepea mwenziwe kama anapepea jiko. Gunia lililokuwa linachukua muda mfupi likawa linachukua asubuhi nzima, na wakati wa jioni mama mdogo alikuwa hawezi kuinua mkono kuchana nywele.

Wafanyabiashara si watu wa kusubiri. Baada ya siku chache walianza kupeleka mizigo kwenye mashine ya dizeli karibu na stendi. Inasafisha vibaya, inavunja punje, lakini inamaliza. Na hivyo ndivyo hesabu za mshauri zilivyogeuka kuwa kweli. Alikuwa ameandika kwamba nafaka inasafishwa kwa dizeli, na sasa ilikuwa inasafishwa kwa dizeli. Moshi ukaongezeka mjini kwa sababu ya mradi wa kupunguza moshi, na kwenye ofisi ile mimi peke yangu ndiye niliyeona jambo la kuchekesha.

Halafu wakaletewa mafunzo. Haiwezekani ukamharibia mtu riziki bila kumpa mafunzo. Kina mama walikaa ukumbini wakafundishwa kutengeneza sabuni ya maji, wakapewa vyeti na chakula cha mchana. Vyeti vipo. Sabuni sijaiona mpaka leo.

Nilikwenda Izia Jumapili moja baada ya misa nikamkuta mama mdogo amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono mapajani. Sijawahi kumwona mikono mapajani. Hata akipiga soga alikuwa anamenya, anachambua, anasuka. Ungo ulikuwa juu ya mlango. Nikamwamkia akaitikia. Nikamwuliza habari za sabuni.

"Mimi sitaki sabuni," akasema. "Nataka mahali pangu."

"Mama, ni kwa muda."

"Mwanangu." Alisema kwa upole, na hapo ndipo iliponiuma. "Nilikusomesha pale. Ndiyo ukasome, urudi unifukuze?"

Nilimwambia si mimi niliyeamua. Nilimweleza mambo ya wafadhili, na hewa ukaa, na kukopesheka. Nilijisikia nikisema "kimsingi". Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanikaribisha chakula, tukala. Njiani kurudi nililia kama mtoto mdogo, nyuma ya bodaboda, na kijana aliyekuwa ananiendesha akadhani ni baridi.

Ujumbe wa wafadhili ulifika. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa uzio wa waya, kimefagiliwa, kina bango na mlinzi. Wageni walitembea katikati ya maghala wakishika kofia zisiruke, wakasifu sana uwazi wa eneo, wakaondoka. Tukasubiri majibu mpaka mvua zikaanza na zikaisha.

Majibu yalipokuja mshauri ndiye aliyetusomea, na alivyokuwa akisoma sauti ilikuwa inazidi kushuka. Mradi haukopesheki. Sababu: wageni walipotembelea eneo hawakuona mtu hata mmoja akisafisha nafaka, kwa hiyo hakuna ushahidi kwamba huduma hiyo inahitajika pale.

Nilitoka nje kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka fundi wa duka la vipuri akatoka kuangalia kama niko salama.

Unadhani walisema basi? Wapi! Mradi wa maandalizi ukifeli, unaandaliwa upya. Ikaamuliwa kuwe na awamu ya pili, na izinduliwe kwa heshima zote, pale pale kiwanjani, na mgeni rasmi awe mkurugenzi wa programu nzima kutoka makao makuu. Kilikuwa tena kipindi cha mavuno, na upepo ulikuwa umeshaanza. Nilishauri shughuli ifanyike ukumbini. Mshauri akasema kimsingi ukumbini hakuna mandhari.

Likapigwa turubai kubwa jeupe. Viti vikavalishwa vitambaa vyeupe na riboni za kijani, sambusa zikapangwa kwenye sinia. Nyuma ya meza kuu wakatundika bango la kitambaa, refu kuliko mlango wa ghala, na kwenye bango hilo, nani? Mama mdogo. Picha ile ile, mikono juu, ungo angani, amekuzwa mpaka vidole vyake ni vinene kama mihogo.

Habari zikamfikia Izia kabla ya chai. Akavaa ile khanga ya kwenye picha, akashusha ungo mlangoni, akaja kujiona. Niliona tokea mbali anavyobishana na mlinzi getini, nikakimbilia huko.

"Wenye mwaliko tu, mama," mlinzi alikuwa anasema.

"Yule pale ni mimi!"

Mlinzi akageuka akalitazama bango, akamrudia yeye. Alikuwa kijana wa huku huku, wa Pito, mpole, na aibu ilimjaa usoni. "Nakuona, mama. Lakini huna mwaliko."

Nikamwambia mlinzi amfungulie, ni mama yangu. Akaanza kuhangaika na kufuli. Lakini mama mdogo alishaondoa mkono kwenye geti.

"Acha," akaniambia. "Nenda kakae na wenzako. Mimi ninajua pa kusimama."

Alijua kweli. Nje ya uzio, upande upepo unakotokea, kuna barabara ya kuingilia maghalani. Wenzake walikuwa wameshakusanyika pale, wote, na sijui nani alimshawishi mfanyabiashara gani, lakini palikuwa na ulezi kutoka kijijini, ulezi mchafu haswa, magunia kwa magunia. Wakatandika maturubai. Nami nikarudi kukaa kwenye kiti changu chenye riboni, kwa kuwa ratiba ilikuwa mkononi mwangu, na kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilitaka kuona kitakachotokea.

Mkurugenzi alipanda jukwaani. Alikuwa na suti nyeusi, tena nyeusi ya kupendeza. Alizingatia itifaki, akashukuru wadau, akafungua karatasi. Alikuwa amefika kwenye "mchakato huu shirikishi uliomweka mwananchi mbele" wakati nyungo za kwanza zilipopanda. Niliziona kwa mbali juu ya uzio, kisha nikaona wingu dogo la rangi ya kahawia linaondoka barabarani, linapita kwenye waya bila mwaliko na kuingia chini ya turubai jeupe.

Lilimkuta amefungua mdomo. Alikohoa, akaendelea, akakohoa tena. Sambusa zikapata rangi nyingine. Suti ikawa ya kijivu. Mshauri alikuwa mstari wa mbele na yale manyoya yake shingoni, na manyoya, kama mjuavyo, hayaachii kitu. Kichwa chake kilikuwa kama cha kuku anayetaga kwenye makapi. Watu wakafunika soda kwa viganja. Mkurugenzi akatema kidogo kwenye kitambaa, kwa ustaarabu, akakisogelea tena kipaza sauti.

"Samahani," akasema, "hizi ni nini?"

Wa meza kuu wote wakatazama chini. Mimi nilikuwa nafungua mdomo nijibu, nikawahiwa na sauti ya mtu kutoka viti vya nyuma kabisa.

"Pumba!"

Jamani. Kwetu pumba ni za ungo na pumba ni za mdomo, na hakuna mtu mle ndani aliyekuwa halijui hilo. Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele safu kwa safu. Mzee wa makoti mawili alikuwa anapiga magoti yake kwa viganja. Mkurugenzi mwenyewe, mtu wa makao makuu, alichelewa kidogo kuelewa, na alipoelewa akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

Mshauri akamtuma mlinzi akawaondoe. Mlinzi alikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Alirudi kwa mwendo huohuo. "Wako barabarani," akasema. "Barabara ni ya wote."

Awamu ya pili ikazinduliwa kwa haraka, bila keki. Magari yakaondoka, viti vikapakiwa, turubai likashushwa. Bango likabaki kwa kuwa hakuna aliyekumbuka lilikuwa ni la nani. Na mlinzi, sijui kwa kusahau au kwa kukumbuka, hakurudisha kufuli. Asubuhi nilipopita, kina mama walikuwa ndani ya uzio, wametandika kama zamani, na katikati, chini ya picha yake mwenyewe, mama mdogo amenyanyua ungo.

Ofisini wakaja juu. Wavamizi! Polisi waitwe! Nikawaacha wapige kelele mpaka wachoke, kisha nikasema, "Si mlikosa ushahidi wa uhitaji? Ule pale. Wafadhili wakija mara hii, watawaona."

Mshauri akafikiri, uso ukafunguka. "Kimsingi," akasema, "ni wazo zuri."

Basi ndipo tulipo. Wakiwepo kiwanjani, uhitaji unaonekana lakini hesabu za hewa ukaa zinaharibika. Wasipokuwepo, hesabu zinanyooka lakini uhitaji haupo. Mshauri ameongezewa mkataba atafute njia ya kuwafanya wawepo na wasiwepo, na kila akikaribia kuipata anaipoteza. Mradi unaandaliwa. Wafanyabiashara wamerudi na mizigo yao, mashine ya pale stendi imepunguza moshi, na hakuna ofisi iliyoandika jambo hilo popote.

Jumapili nikienda Izia, mama mdogo ananiwekea kigoda jikoni, na kabla hata sijaulizwa habari za kazi ananitazama usoni.

"Bado mnaandaa?"

"Bado, mama."

"Hamjakaribia kumaliza?"

"Hatujakaribia."

Hapo anashusha pumzi, mabega yake yanalegea, anarudi kuchochea chungu. Jumapili iliyopita aliniambia kwamba huwa anatuombea kanisani, mimi na mshauri na mkurugenzi na wafadhili wote huko waliko. Nilimwuliza anatuombea nini.

"Siku mkimaliza," akasema, "mimi nitasimama wapi?" Akanipakulia, akanisogezea maji ya kunawa. "Andaeni taratibu, mwanangu. Waambie na wenzako. Haraka haraka haina baraka."